Kupiga snea ya Boléro bila kukimbia wala kupotea: mwongozo kamili

Mdundo wa snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini yake) katika Boléro, kazi ya okestra ya mtunzi Mfaransa Maurice Ravel, una baa 2 tu, yaani vipande 2 vya mapigo matatu matatu. Mpigaji anaushika kwa nusu saa, jioni anaupiga vizuri chumbani, kisha siku ya mazoezi ya pamoja mambo yanaharibika. Dakika ya tatu kasi imepanda. Dakika ya sita mkono umekakamaa. Tromboni zikifika, snea imeshamaliza sauti yake yote na haina cha kuongeza.

Makosa haya ni yale yale karibu kila bendi, na chanzo chake hakiko pale wapigaji wengi wanapokitafuta. Wanadhani shida ni noti za haraka. Shida ni kimya kilichomo katikati ya noti. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kimya hicho.

Historia tunaiacha. Inatosha kujua kwamba kazi ilichezwa mara ya kwanza Paris, tarehe 22 Novemba 1928, na kwamba ina baa 340 za mapigo matatu matatu.

## Vifaa

- Snea moja nyepesi. Ya inchi 14 kwa upana na 5 kwa kina inatosha. Ngoma ya gwaride yenye kina kirefu na ngozi ngumu inaweza kutumika pale ambapo hakuna nyingine, ila sauti yake ya chini kabisa ni sawa na sauti ya kati ya snea ya kawaida. Utahitaji kitambaa.
- Kitambaa chembamba cha pamba, ukubwa wa leso, cha kuweka ukingoni mwa ngozi ikiwa ngoma ina kelele.
- Jozi 2 za vijiti vinavyolingana uzito. Jozi ya pili ikae wazi karibu nawe, isiwe ndani ya begi. Kichwa cha kijiti kiwe kidogo na cha mviringo. Vijiti vya ukubwa wa 5A (unene wa kati), ambavyo wapigaji wengi wa kanisani wanavyo tayari, vinafaa.
- Pedi ya mazoezi. Kipande cha mpira wa tairi la ndani kilichogundishwa kwenye ubao kinafanya kazi hiyo hiyo.
- Metronomu, yaani kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo sawa, hata ya kwenye simu.
- Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Utaona kazi yake katika hatua ya 4.
- Simu ya kurekodia, na programu inayoweza kupunguza mwendo wa rekodi.
- Nakala ya sehemu yako, yaani karatasi ya noti za snea, na penseli. Usitegemee kichwa kwa sababu eti mdundo ni mmoja.

Kabla ya kuanza, weka sawa nyaya za chini ya ngoma. Inua kijiti sentimita 1 tu juu ya ngozi, vidole viwili kutoka ukingoni, kisha gonga. Ukisikia mlio mkavu na safi, acha hapo. Nyaya zikiendelea kutetemeka baada ya pigo, kaza kidogo. Ukisikia ngozi peke yake, nyaya zimebanwa mno, legeza. Watu wa Pwani wafute nyaya kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, maana unyevu wa bahari huziletea kutu na waya wenye kutu hauitiki kwenye sauti ndogo.

## Ramani ya kazi nzima

Tuite baa zako 2 *duru*. Duru moja ina mapigo 6 na noti 24 za kijiti.

Kazi nzima ina duru 169, yaani baa 338, halafu baa 2 za kumalizia ambazo haziufuati mdundo huu tena.

Duru 2 za kwanza ni utangulizi: ni wewe pamoja na viola na selo zinazodonolewa kwa vidole. Kisha wimbo unaanza. Wimbo unapigwa mara 18, kila mara na vyombo tofauti. Kila wimbo unachukua duru 8, halafu inafuata duru 1 ya mpito isiyo na wimbo. Hesabu ya kukaa nayo kichwani ni hiyo: 8 na 1, 8 na 1. Wimbo wa 18 peke yake ndio unaovunja utaratibu, tutaufikia mwishoni.

Mpigaji asiyejua hesabu hii hupiga mpaka achoke, akisubiri mwongozaji amwashirie. Anayeijua anajua kila wakati amebakiza kiasi gani cha nguvu.

## Hatua ya 1: Utamke kabla ya kuupiga

Weka vijiti chini. Sema:

> Baa ya 1: pa taraka / pa taraka / pa pa
> Baa ya 2: pa taraka / pa taraka / taraka taraka

Alama ya mkwaju inatenganisha mapigo. Kila *pa* inachukua nusu pigo. Kila *taraka* nayo inachukua nusu pigo ile ile, ila ndani yake mna noti tatu zilizolingana.

Hapa Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Ulimi wetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo utajikuta unasema ta-RA-ka. Ukiuacha mkazo huo, mkono utaufuata na kijiti cha katikati kitapiga kwa nguvu kuliko wenzake. Sema silabi zote tatu kwa uzito mmoja, kama mtu anayehesabu shanga. Ravel hakuandika mkazo wowote katika mdundo huu.

Tembea huku unautamka. Mguu ukanyage mwanzoni mwa kila pigo: hatua 3 baa ya kwanza, hatua 3 baa ya pili.

Umefaulu ukiweza: kutamka duru 20 huku unatembea, bila mguu kubadili mwendo ulimi unapofika kwenye *taraka taraka* ya mwisho.

## Hatua ya 2: Zihesabu nafasi 36

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Ndani ya duru moja mna nusu pigo 12. Gawanya kila moja mara tatu, unapata nafasi 36. Katika hizo, unapiga 24. Zilizobaki 12 ni kimya, na zote zimejificha nyuma ya zile *pa*: kila *pa* inafuatwa na nafasi 2 tupu. *Pa* ziko 6, mara 2, unapata 12.

Mkono uliotoka kupiga *taraka* una mwendo ndani yake, kama baiskeli iliyotoka mteremkoni. Ukifika kwenye *pa*, mkono hautaki kusubiri nafasi mbili, unasubiri moja na nusu. Upungufu huo ni mdogo kiasi kwamba hausikiki katika duru moja. Zidisha kwa 169 ndipo utaelewa kwa nini bendi nzima inakimbia.

Fanya hivi kwenye pedi, metronomu ikiwa mapigo 50 kwa dakika:

1. Piga nafasi zote 36 kwa kupishana mikono, kulia kwanza, sauti moja: *taraka taraka taraka* baa 2 nzima. Rudia mpaka iwe laini.
2. Endelea na mwendo ule ule, lakini nafasi zile 12 usizipige kwenye pedi, zipige hewani. Kijiti kishuke, kisifike.
3. Punguza ule mwendo wa hewani kidogo kidogo mpaka kijiti kitulie kabisa. Mdundo wa Boléro ndio utakaobaki.

Onyo: kuna makosa mawili yanayofanana na usahihi. La kwanza ni *ta-raka*, noti ya kwanza ndefu na mbili za mwisho zimebanana. La pili ni *taraka* inayochelewa kuanza na kujibandika kwenye *pa* inayofuata kama pambo. Yote mawili yanasikika vizuri ukiwa peke yako, tena hata yana madaha. Yanaharibika filimbi inapoanza kupiga mdundo huo pamoja nawe, kwa sababu yenyewe inagawa tatu sawasawa.

Ili kuyagundua, jirekodi duru 10, kisha sikiliza kwa nusu mwendo. Usisikilize noti tatu zenyewe. Sikiliza umbali kati ya *ka* na *pa* inayofuata. Lazima ulingane na umbali kati ya *ta* na *ra*.

Umefaulu ukiweza: kusikiliza rekodi yako kwa nusu mwendo na kutamka *taraka* juu yake, pamoja na zile nafasi tupu, bila kugongana na kijiti hata mara moja.

## Hatua ya 3: Chagua mikono, kisha usibadili

K ni kulia, S ni kushoto. Mpangilio wa kupishana ni huu:

> Baa ya 1: K SKS / K SKS / K S
> Baa ya 2: K SKS / K SKS / KSK SKS

Angalia uzuri wake: kila pigo, katika baa zote mbili, linaanza na kulia. Na kwa kuwa noti ni 24, namba shufwa, duru inayofuata nayo inaanza na kulia. Huu ndio ule mpangilio uliopatikana katika hatua ya 2 baada ya kuondoa nafasi tupu. Hakuna cha kukariri.

Udhaifu wake uko kwenye *pa pa* za mwisho wa baa ya kwanza. Moja ni ya kulia, nyingine ya kushoto, na mikono miwili mara nyingi haina sauti moja. Ukisikia tofauti, piga zote mbili kwa kulia, *K K*, halafu endelea na K ya baa ya pili. Mkono wa kulia utapiga mara tatu mfululizo, ila kwa nafasi pana, hautachoka.

Amua moja. Mpigaji anayebadili mpangilio katikati ya kazi ndiye anayepotea.

Umefaulu ukiweza: kumpa mtu mgongo, akakusikiliza duru 10, akashindwa kukwambia ni *pa* ipi imepigwa kwa kushoto.

## Hatua ya 4: Pima mwendo kwa saa ya ukutani

Partitura (kitabu cha noti za vyombo vyote) iliyochapishwa inaonyesha mapigo 72 kwa dakika. Waongozaji wengi huchagua kati ya 60 na 72. Ravel mwenyewe alipenda ichezwe taratibu, na mwaka 1930 alitofautiana waziwazi na mwongozaji Arturo Toscanini aliyeikimbiza. Mwongozaji wako ndiye mwenye neno la mwisho, lakini fanyia mazoezi 72, kwa sababu ya zawadi moja ya hesabu: mapigo 72 ukigawa kwa 6 unapata duru 12 kwa dakika. Yaani kila duru ni sekunde 5 kamili.

Kaa mbele ya saa. Anza mshale wa sekunde unapokuwa kwenye 12. *Pa* ya duru ya pili iangukie mshale ukiwa kwenye 1, ya tatu kwenye 2, na kuendelea. Baada ya duru 12 mshale umerudi juu.

Kwa nini saa ni bora kuliko metronomu hapa? Metronomu inakusahihisha kila pigo, kwa hiyo hujui kama umejifunza au umesaidiwa. Saa inakuacha sekunde 5 peke yako, kisha inakuambia ukweli.

Ukifika kwenye namba kabla ya mshale, usipunguze mwendo mzima. Rudi kwenye *pa pa* na kwenye *taraka taraka* ya mwisho. Ni moja kati ya hizo mbili. Kwa kawaida *pa pa* inasogea mbele kwa wapigaji wanaoanza, na *taraka taraka* kwa wale wenye mikono myepesi.

Ratiba inayofaa:

| Wiki | Mwendo | Muda bila kusimama |
|---|---|---|
| 1 | 60 (duru ni sekunde 6) | dakika 3 |
| 2 | 66 | dakika 6 |
| 3 | 72 | dakika 10 |
| 4 | 72 | dakika 14 na sekunde 5, duru zote 169 |

Umefaulu ukiweza: kupiga dakika 5 bila kuangalia saa, ukigeuka mshale uko karibu na namba unayoitarajia, tofauti isizidi sekunde 2.

## Hatua ya 5: Tafuta sauti yako ya chini kabisa

Sehemu yako inaanza *pp*, alama ya sauti ndogo sana. Wapigaji wengi huanza na kile wanachodhani ni *pp*, kumbe ni sauti ya mtu anayeongea. Filimbi inayoingia kwenye baa ya 5 iko kwenye sauti zake za chini, nyembamba, na haina pa kukimbilia. Snea ikiwa juu, filimbi inalazimika kusukuma, klarineti inayofuata nayo inasukuma, na kabla hujafika wimbo wa nne mlima wote umeshapandwa.

Namna ya kuipata:

- Piga karibu na ukingo, vidole viwili ndani ya pete, mahali nyaya zinapopita chini yake. Hapo ngozi haina sauti nyingi lakini nyaya zinaitika.
- Kijiti kisiinuke zaidi ya sentimita 2. Weka kisanduku cha kibiriti wima juu ya meza iliyo usawa wa ngozi, kando ya ngoma: vichwa vya vijiti visivuke nusu ya urefu wake.
- Shika kwa vidole, kiganja kikiwa wazi kidogo. Ukibana, kila pigo linakuwa na makali.
- Ngoma ikikataa, tandika kile kitambaa ukingoni kikifunika theluthi ya ngozi, upande usiopiga. Utakiondoa baadaye katika duru ya mpito, kwa mkono wa kushoto. Fanyia mazoezi kitendo hicho chenyewe. Usikigundue jukwaani.

Sauti ndogo inataka mkono mtulivu, haitaki mkono mwoga. Mwoga huruka noti: katika *taraka*, ile *ra* hupotea. Jirekodi simu ikiwa mita 5 mbali. Noti zote 24 lazima zisikike hapo.

Umefaulu ukiweza: kupiga huku mtu akisoma gazeti kwa sauti ya kawaida mbele yako, wewe usimzidi, na yeye aweze kukusikia kila noti.

## Hatua ya 6: Gawa nguvu zako kama posho ya mwezi

Kukua kwa sauti katika Boléro kunafanywa zaidi na kuongezeka kwa vyombo kuliko na mpigaji yeyote mmoja. Wewe unafuata, huvuti. Alama zilizoandikwa kwenye sehemu yako ndizo zinazotawala. Jedwali hili ni la kukusaidia kupanga urefu wa kijiti kati ya alama hizo:

| Wimbo | Vyombo vya kusikiliza | Urefu wa kijiti | Mahali pa kupiga |
|---|---|---|---|
| 1–4 | filimbi, klarineti, fagoti, klarineti ndogo | sm 1–2 | ukingoni |
| 5–8 | oboe d'amore, filimbi na tarumbeta yenye kizibo, saksafoni | sm 3–4 | ukingoni |
| 9–12 | honi na pikolo, kundi la oboe na klarineti, tromboni, vyombo vya mbao | sm 5–8 | kidole kimoja zaidi ndani |
| 13–16 | fidla zinachukua wimbo | sm 10–18 | katikati ya ukingo na kitovu |
| 17–18 | karibu okestra nzima | sm 25 na zaidi | karibu na kitovu |

Ikiwa mnacheza nakala iliyopangwa kwa bendi ya vyombo vya kupuliza, majina ya vyombo yatabadilika. Andika yenu kwa penseli.

Soma jedwali kwa saa. Nyimbo 12 za kwanza pamoja na utangulizi ni baa 220, yaani dakika 9 na ushee kwa mwendo wa 72. Katika dakika hizo zote kijiti hakijapita sentimita 8. Theluthi mbili za kazi imekwisha na bado hujapiga kwa nguvu. Mpigaji anayelijua hilo hapapatiki.

Onyo: usipandishe sauti ghafla chombo kipya kinapoingia. Panda ndani ya duru ya mpito, kidogo, ili chombo kipya kikukute umeshafika. Na sauti ikipanda, mwendo unataka kupanda nao. Kijiti kinachoanguka kutoka juu zaidi kinahitaji kuanza safari mapema zaidi, la sivyo *taraka* inachelewa na unaifidia kwa kukimbiza *pa*. Rudia mtihani wa saa kwa kila urefu wa kijiti, siyo kwa sauti ndogo tu.

Umefaulu ukiweza: kupiga duru 40 ukipanda kutoka sentimita 2 hadi 15, na mtu anayesikiliza asiweze kutaja duru ambayo sauti ilibadilika.

## Hatua ya 7: Zuia mkono usikakamae

Kwa mwendo wa 72, noti za *taraka* zinakwenda kama 7 kwa sekunde. Si kasi kubwa. Kinachochosha ni kurudia bila kupumzika, pamoja na wasiwasi wa kuwa macho yote yako kwako.

Kila duru ya mpito fanya mambo mawili: toa pumzi, na legeza kidole gumba. Yapigie alama kwenye karatasi. Mabega yakipanda kuelekea masikioni, ndio mwanzo wa kukakamaa, na kutoka hapo una kama dakika moja kabla mwendo haujayumba.

Kaa au simama kwa namna ambayo ngoma iko chini kidogo ya kiwiko. Ngoma iliyo juu mno inamaliza bega kabla ya wimbo wa 10.

Ukisikia ganzi vidoleni au maumivu ya kifundo wakati wa mazoezi, simama siku hiyo. Kuendelea kwa ushujaa hakujengi uvumilivu, kunajenga jeraha.

## Hatua ya 8: Mazoezi na wenzako

Omba ukae katikati, karibu na mwongozaji na vyombo vinavyodonolewa. Baadhi ya okestra huiweka snea hapo badala ya nyuma kwenye safu ya ngoma. Ukiwa nyuma, unasikia kila mtu akiwa amechelewa, unajaribu kumsaidia, na matokeo yake yanajulikana.

Kuanzia wimbo wa pili utapewa mwenza: filimbi inaanza kupiga mdundo wako. Baadaye wenza wanabadilishana, na idadi yao inaongezeka. Noti tatu za haraka kwa ulimi ni ngumu kuliko kwa kijiti, kwa hiyo wengine watabaki nyuma kidogo. Usiwasubiri, wala usiwakimbie. Kutaneni mara moja bila bendi, wewe na wote wenye mdundo, mpige duru 20 kwa sauti ya chini. Nusu saa hiyo inaokoa mazoezi matatu.

Wimbo wenyewe nao ni mtego. Wapiga wimbo wanavuta, wanachelewesha, wanateleza, na hasa saksafoni na tromboni zina ruhusa ya kufanya hivyo. Wewe huna. Ukiwafuata, hakuna tena kitu cha kuwategemeza.

Ukipotea, yaani umepiga baa ya kwanza mara mbili au hujui uko baa ipi, usisimame. Piga baa ya kwanza peke yake, *pa taraka pa taraka pa pa*, tena na tena, mpaka usikie wimbo unapoisha na duru ya mpito kuanza. Ingia upya hapo. Baa ya kwanza iliyorudiwa inasikiwa na wachache. Pengo la pigo moja linasikiwa na ukumbi mzima.

Umefaulu ukiona: mwongozaji ameacha kukuangalia.

## Hatua ya 9: Wimbo wa 18 na baa mbili za mwisho

Katika wimbo wa mwisho ile hesabu ya 8 na 1 inakufa. Unabaki na duru 14 mfululizo. Tayari unapiga kwa nguvu zote, na kama bendi yako ina snea ya pili kama Ravel alivyotaka, imeshajiunga nawe. Kaeni na mpangilio mmoja wa mikono, na mkubaliane nani anaongoza. Anaongoza yule aliyeanza.

Kwenye namba 18 iliyochapishwa katika partitura (si mwanzo wa wimbo wa 18) muziki unaruka ghafla kutoka ufunguo wa C meja kwenda E meja, unakaa huko baa 8, kisha unarudi. Mshtuko huo huwafanya wapigaji wengi wakimbie, wakidhani ndio mwisho. Hesabu: duru 4 katika E, zinafuata duru 2 tena nyumbani kwenye C, ambapo tromboni zinaburuta sauti zao na matoazi na tamtamu (gongo kubwa) zinanguruma.

Duru hizo 2 ni za 168 na 169. Zihesabu kwa midomo, maana hutasikia kitu kingine. Baada yake mdundo unavunjika na baa 2 za mwisho unazisoma kwenye karatasi, macho kwa mwongozaji, hadi pigo la mwisho na okestra nzima.

Ukishapiga, vijiti vibaki juu ya ngozi bila kuigusa, na nyaya usizifungue. Subiri mpaka mwongozaji ateremshe mikono.